Fyekeo na Daftari Jekundu: Kumsoma Harvey Penick nikiwa Tukuyu

Sijawahi kupiga mpira wa gofu hata mmoja. Uwanja wa karibu ninaoujua uko Mufindi, katikati ya mashamba ya chai. Niliupita nikiwa ndani ya gari, nikaona watu wawili wenye kofia wakitafuta kitu kwenye majani, basi. Kwa hiyo rafiki aliponipa *Harvey Penick's Little Red Book* nilikipokea kwa adabu tu, nikakiweka juu ya kabati. Halafu mvua ya Tukuyu ikanifungia ndani siku mbili, umeme ukakatika, na kitabu kilichokuwa karibu na mshumaa kikawa hicho.

Nimeshakisoma mara tatu. Kuna mahali kinachosha, na nitafika huko.

Penick alizaliwa mwaka 1904 Austin, Texas. Akiwa na miaka minane alianza kuwabebea watu begi la fimbo katika klabu ya gofu ya mji wake, na baadaye akawa mwalimu wa klabu hiyohiyo. Timu ya gofu ya Chuo Kikuu cha Texas aliifundisha kuanzia 1931 hadi 1963. Miaka yote hiyo alikuwa anaandika kwenye daftari lenye jalada jekundu: nini kimemsaidia mwanafunzi, nini kimemharibu. Alikusudia kumwachia mwanawe tu. Uzeeni, akiwa mgonjwa, akamwonyesha mwandishi Bud Shrake, na kitabu kikatoka 1992. Husimuliwa kwamba mzee alipopata habari kuwa mchapishaji ametaja dola 90,000, alisikitika, akasema kwa gharama za matibabu alizonazo hana uwezo wa kulipa hela zote hizo. Ikabidi aelezwe kuwa yeye ndiye atakayelipwa!

Mimi naamini kisa hicho kinaonekana katika kila ukurasa mzuri wa kitabu. Hii ni sauti ya mtu ambaye hakuwa anauza kitu.

Ukitaka kuona tofauti, kiweke karibu na *Five Lessons* cha Ben Hogan, cha 1957. Hogan alikuwa bingwa, na kitabu chake ni cha bingwa: kila kidole kina mahali pake, kila kiungo kimechorwa kwa ustadi na Anthony Ravielli. Ni kitabu kizuri sana, lakini mwili uliomo humo ni mmoja tu, wa Hogan. Penick anaandika kuhusu mtu aliyesimama mbele yake, anayetetemeka, aliyelipia somo na hajui kwa nini mpira unakwenda kulia. Vipande vyake ni vifupi, vingine havifiki hata nusu ukurasa. Anaonya kwamba akikwambia umeze aspirini, usimeze chupa nzima, maana mwanafunzi akiambiwa arekebishe kidogo, huzidisha. Anajitahidi kutomwambia mtu asifanye nini. Humwambia afanye nini. Mwanzoni hakupi fimbo ndefu. Anakuanzishia pale kwenye shimo, kisha mnarudi nyuma hatua kwa hatua. Na walipokuja kwake vijana wawili waliokuja kuwa mabingwa, Ben Crenshaw na Tom Kite, hakumruhusu mmoja atazame somo la mwenzake. Dawa ya huyu ingemdhuru yule.

Kipande kilichonifanya nicheke peke yangu gizani ni kile cha kufyeka majani. Mzee anasema hakuna zoezi bora la kuzungusha fimbo kuliko kushika fyekeo na kukata magugu. Jamani! Sisi tuliosoma shule za msingi huku Rungwe, ambako majani hayaachi kuota, tumefyeka asubuhi, tumefyeka kwa adhabu, tumefyeka siku mgeni wa wilaya anapokuja. Kumbe tulikuwa mazoezini. Natania, ila si sana: usipolenga jani moja, slesha inapita juu hewani na unabaki na maumivu ya bega. Penick anajua hilo, na hakulipata maktaba.

Sasa pale kinapochosha. Theluthi ya mwisho imejaa watu maarufu, marafiki wa klabuni, bingwa fulani aliyepita siku fulani. Unahisi daftari limeisha na kitabu bado hakijafikisha unene unaotakiwa. Wapo wanaomlaumu Shrake kwa kulainisha maneno ya mzee. Hapo nabisha. Kuandika kwa niaba ya mtu mwingine si kazi ndogo, na nasema hivyo kwa sababu mimi nimeishindwa.

Mama yangu mkubwa alikuwa akiwafundisha wachumaji wapya wa chai. Sheria anayoijua kila mtu ni majani mawili na chipukizi. Lakini kazi yake haikuwa hiyo sheria. Binti mwenye haraka alimpanga mstari mmoja na bibi mzee anayechuma taratibu; mwoga alimtanguliza mbele, asiwe na mtu wa kumwangalia. Mwaka juzi nilimrekodi kwa simu, nikaandika makala yenye vichwa vidogo na hatua saba, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima zake zote, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu anayesema ni nani? Ni bwana shamba?"

Shrake hakumgeuza Penick kuwa bwana shamba. Aliwaacha wanafunzi mmoja mmoja, na majina yao na aibu zao, na mzee akabaki katikati yao akikohoa. Penick alifariki tarehe 2 Aprili 1995. Crenshaw alikwenda mazishini katikati ya wiki ya mashindano ya Masters, akarudi uwanjani, na Jumapili ya tarehe 9 akashinda kwa pigo moja, akainama akalia. Watu hulisimulia hilo kama muujiza. Mimi nalisoma kama hakiki ya kitabu, iliyoandikwa na mwanafunzi mmoja aliyefundishwa peke yake.

Mama mkubwa sasa amevuka themanini, na anaanza kurudia maneno. Rekodi bado ninazo, dakika arobaini na kitu, nusu yake mvua juu ya bati. Wiki ijayo napanda tena Katumba kumsalimia. Safari hii simuulizi habari za chai. Nataka anisimulie yule binti mwenye haraka.