Qt Mbili kwa arm64: Debian Walivyoukata Mzizi wa Fitina

Anayeandaa mfumo wa kifaa kimoja, tuseme mashine ya kukatia tiketi, bodi anaijua na chipu ya grafiki anaijua. Kwenye zana kama Buildroot au Yocto atachagua maktaba inayofaa, basi. Mtunza vifurushi wa Debian hana nafuu hiyo. Anachokikompaili leo kitapakuliwa na watu ambao bodi zao hatazitia machoni kamwe.

Tatizo hilo liliibua mjadala mkali mwaka 2018 kuhusu Qt 5, maktaba inayochora madirisha na vitufe vya programu nyingi za Linux. Qt huweza kuchora kwa OpenGL kamili ya kompyuta za mezani, au kwa OpenGL ES, iliyopunguzwa kwa ajili ya simu na vifaa vidogo. Kwenye Windows, Qt 5 inaweza kusubiri hadi programu iwashwe ndipo ichague. Kwenye Linux, aliyekompaili ndiye aliyeamua: akiandika `-opengl es2`, imetoka hiyo. Wala si suala la kasi tu. Qt ya ES haina kabisa klasi kama QOpenGLFunctions_3_3_Core, hivyo programu inayozitegemea haiwezi kuitumia.

Kwa ARM za biti 32, yaani armel na armhf, Debian walikwisha kuchagua ES. Kwa arm64, yaani ARM za biti 64, walichagua OpenGL kamili, na hapo ndipo waliposhikana mashati. Wenye bodi ndogo walisema draiva za watengenezaji wa chipu mara nyingi hutoa ES peke yake, kwa hiyo Qt ya Debian haiwafai. Wengine wakajibu kwamba arm64 si bodi ndogo tu: kuna mashine zenye nafasi za PCIe ambako mtu huchomeka kadi ya Radeon. Isitoshe, draiva huria za Mesa hutoa zote mbili. Vc4 ya Raspberry Pi 3, kwa mfano, ina OpenGL 2.1 na ES 2.0.

Kwa maoni yangu hawa wa pili walikuwa na hoja nzito zaidi, ila haikumsaidia mwenye bodi ya draiva iliyofungwa.

Suluhisho likawa kutobadilisha chaguo la msingi, bali kuweka kifurushi cha pili, libqt5gui5-gles, kinachokaa mahali pa kile cha kawaida, libqt5gui5. Viwili hivyo haviwekwi pamoja. Ufundi wenyewe uko kwenye mstari wa utegemezi wa programu, ambao ukawa ukisomeka hivi:

`libqt5gui5 (>= 5.14.1) | libqt5gui5-gles (>= 5.14.1)`

Hicho kijistari cha wima maana yake ni "au". Bila hicho, kubadilisha maktaba kungeng'oa nusu ya programu za mezani, maana apt, kisakinishi cha vifurushi, ingeona utegemezi umevunjika.

Debian 11 ilipotoka mwaka 2021, vyote viwili vilikuwamo. Gharama yake wanaibeba watunzaji: kila Qt ya msingi inapopanda toleo, ya ES nayo lazima ikompailiwe upya na kwenda nayo sambamba, la sivyo aliyeichagua anakwama katikati ya usasishaji.