Bambukat: pikipiki inapopanga nani ni mkwe

Kiswahili kina neno ambalo vijana wengi siku hizi hawalijui: mwanyumba. Ni mwanamume aliyeoa dada wa mkeo. Hamkuchaguana, hamna damu moja, lakini kila mkienda ukweni mnapimwa kwenye mizani ileile. Wapunjabi nao wana neno lao, saandhu, na mwaka 2016 mwongozaji Pankaj Batra alitoa filamu nzima juu ya uhusiano huo. Inaitwa Bambukat.

Tuko Punjab ya India, kijijini, miaka ya 1960. Resham Singh (Binnu Dhillon) ameoa Sammi, binti mweupe anayesifiwa na kila mtu. Resham ana ajira, ana mshahara na, kubwa kuliko yote, ana bambukat, yaani pikipiki. Channan Singh (Ammy Virk) ni mkulima mwenye mikono ya ufundi, na amempenda dada mtu, Pakko (Simi Chahal), ambaye ni mweusi. Basi, mchezo mzima umo humo. Mkwe mmoja akifika, nyumba inachangamka. Mwingine akifika, ni kama jirani aliyekuja kuazima jembe. Channan anaapa naye atapata bambukat. Kama ataipata ama la, nawaachia wenyewe.

Unacheka sana, sikatai. Dhillon anaigiza majivuno bila kuyafanya uovu. Resham si mtu mbaya. Ana kitu kimoja tu cha kujivunia, na anaogopa siku ambayo mwingine atakuwa nacho. Hapo mwandishi wa hadithi, Jass Grewal, amelenga. Hadhi ya kijijini haihitaji utajiri mkubwa, inahitaji tu jirani asiwe nacho. Siku kila mtu akiwa na pikipiki, bambukat inarudi kuwa chuma chenye moshi.

(Na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kutabasamu tukimwona Singh akihangaika na nati. Wapunjabi walioletwa kujenga reli kutoka Mombasa, na wajukuu zao waliofungua gereji, ndio waliotufanya tuamini kwamba Kalasinga na spana ni kitu kimoja.)

Sasa nije kwenye linalonikera. Filamu inataka tumpende Pakko jinsi alivyo, na inawacheka wanaopima binti kwa ngozi. Vizuri. Lakini Simi Chahal, ambaye hii ilikuwa filamu yake ya kwanza ya Kipunjabi, si mweusi. Alipakwa vipodozi akawa mweusi. Yaani hadithi inayosema binti mweusi anatosha haikumwona binti mweusi wa kutosha kuibeba! Chahal anaigiza vizuri mno, macho yake yanasema kabla ya mdomo, na hilo linaniumiza zaidi. Ningependa kujua angepewa nafasi nani kama waandaaji wangeiamini hadithi yao wenyewe.

Kuna jambo la pili, dogo ila halinitoki. Heshima ya Pakko kwao inategemea mumewe atafika na nini. Channan anahangaikia mashine kwa ajili yake, na ni mapenzi ya kweli, lakini hakuna anayesimama na kuuliza kwa nini baba na mama wanahitaji mashine ndipo wamwone binti yao. Filamu inaidhihaki pikipiki, halafu inaitegemea pikipiki hiyohiyo iponye kila jeraha. Nadhani Grewal aliliona tatizo hili, kwa sababu kicheko kinapungua kila Pakko anapokuwa peke yake. Akaliacha lipite.

Hata hivyo itafuteni. Mimi niliitazama na mwanyumba wangu, ambaye ana gari na mimi sina. Alicheka kunishinda mpaka katikati, halafu akakaa kimya, akaomba nimwongezee chai.