Kondo la mbwa ni dawa ya bure? Bure wapi?

Bandugu, nimesoma makala kadhaa juu ya seli shina za mbwa. Wazo lenyewe ni nzuri. Kondo la nyuma, utando wa amnioni na kitovu, vitu ambavyo mama mbwa anakula ao sisi tunatupa, viko na seli zinazoweza kugeuka mfupa, gegedu ao mafuta. Hakuna mbwa wa kutobolewa mfupa ili kutafuta uboho.

Lakini kuita ile mali "ya bure"! Seli zinataka labo safi ya kuzikuza, kisha azoti ya maji, -196°C. Huku kwetu Nyamitaba, hata 2 mpaka 8°C za chanjo ya kichaa cha mbwa ni mapambano.

Kinachonisumbua zaidi ni ushahidi. Majaribio mengi ni ya mbwa wachache wenye kuumwa viungo, mara nyingi bila kundi la kulinganisha. Mbwa anayechechemea anaweza kupata nafuu mwenyewe, mwenye mbwa akasifu sindano. Tena seli nyingi hazidumu pale zilipodungwa. Inaonekana kazi yao kubwa ni kutoa kemikali za kutuliza uvimbe. Sasa "zinajenga gegedu mpya" imetoka wapi?

Mbwa wa kufuata harufu wa Parke ya Virunga, kule Rumangabo, akiumia goti, natamani dawa hii ikuwe tayari. Mbwa wa mchungaji wa Masisi yeye anangoja chanjo: OMS inaomba 70% ya mbwa wachanjwe ili kichaa kikatike.