"KUBAGUA" HAKUHITAJI "DHIDI YA"

Kitenzi cha Kiingereza "discriminate" kina sura mbili. Kikisimama peke yake huweza kuwa sifa njema: kutambua tofauti baina ya kitu na kitu. Kikifuatwa na kihusishi cha upinzani huwa lawama: kumtendea mtu isivyo haki kwa ajili ya asili, dini au jinsia yake. Mfasiri asiyetazama vema hukibeba kitenzi pamoja na kihusishi chake, akaandika: "Mwajiri alibagua dhidi ya wafanyakazi wanawake." Maneno ni ya Kiswahili, lakini mjengo sio.

"Kubagua" hupokea yambwa moja kwa moja. Mkulima wa Maramba huyabagua machungwa, mabovu huku na mazima kule, wala hana kosa. Mwajiri akiwabagua watu, lawama imekwisha kuonekana. "Dhidi ya" haiongezi kitu. Yatosha kusema: "Aliwabagua wafanyakazi wanawake."

Wapo watakaotukumbusha nomino. "Ubaguzi wa wanawake" waweza kuwa ubaguzi waufanyao au wanaofanyiwa. Na katika "ubaguzi wa rangi" neno la mwisho si mtenda wala mtendwa, bali ni sababu. Hoja hii ina uzito, na hatukusudii kuyafuta majina ya mikataba yaliyokwisha kuzoewa. Hata hivyo, dawa ya utata huo imo katika lugha yenyewe: "kubaguliwa kwa wanawake."

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ni kuuita kila uonevu ubaguzi. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13(5), inalifafanua neno hili kwa kutaja misingi kama kabila, rangi, dini na jinsia, na kwa kulinganisha watu wa aina moja na wa aina nyingine. Pasipo ulinganisho huo hapana ubaguzi. Shamba la mkonge likiwacheleweshea wakataji wote ujira, wamedhulumiwa, hawakubaguliwa. Likiwalipa wote isipokuwa wa kabila fulani, hapo wamebaguliwa.

Tofauti hii si ya wanaisimu tu. Chini ya kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi akionyesha dalili za kutosha kwamba amebaguliwa kwa msingi uliotajwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kuwa sivyo. Basi karani anayemwandikia aliyebaguliwa "nimeonewa" tu, pasipo kutaja msingi, aweza kumnyima ngao hiyo. Na tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, uzito wa neno moja umezidi.

Kwa hiyo tunashauri:

(a) Kitenzi kiandikwe "kumbagua mtu", pasipo "dhidi ya".

(b) Penye utata wa nomino, itumike "kubaguliwa kwa".

(c) Msingi wa ubaguzi utajwe daima. Usipokuwapo, mwandishi achague "kuonea", "kudhulumu" au "kunyanyasa", kadiri ya tendo lenyewe.