Istilahi "Programu Huria": Tahakiki Fupi

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Istilahi "programu huria" ina sifa yake: Kiingereza hutumia neno moja kwa uhuru na kwa kitu kisicholipiwa, ilhali Kiswahili hutenga huria na bure. Lakini huria, kama lilivyozoeleka katika "soko huria", hudokeza kukosa masharti, na hapo ndipo linapopotosha. Leseni ya MIT humruhusu mtu kuufungia msimbo ndani ya bidhaa yake, mradi abakize tangazo la hakimiliki. GPL humtaka anayesambaza kazi iliyotokana nao aitoe kwa masharti yale yale. Zote mbili huitwa huria. Mwanafunzi wa Kiwanjani, Isiolo, akichanganya misimbo ya aina hizo na kudhani aweza kuifunga yote, istilahi haikumwonya. Kiborana kinachosemwa mtaani humo kingemwonya: kisima cha Waborana hunywesha mifugo ya wengi, ila kwa zamu inayosimamiwa na aba herega. Waundaji wa istilahi, wepesi wa kukimbilia Kiarabu na Kiingereza, wangetazama upande huo pia. Kwa GPL, "leseni rithishi" ingefaa zaidi, maana sharti hurithiwa na kila kazi itokanayo.