Nyumba ya Mwanamuziki Huanza na Orodha

Katika chumba alichokuwa akilala mpiga gitaa Jimi Hendrix, ghorofa ya juu ya nyumba namba 23, Brook Street, London, kitu kimoja tu kati ya vilivyomo leo kilikuwa chake kweli: kioo chenye umbo la yai. Kitanda, zulia, mapazia ya rangi ya feruzi, hata kombe la kutilia majivu ya sigara, vyote vimetafutwa madukani au kutengenezwa upya. Mgeni aliyelipa kiingilio hatambui tofauti, na hapo ndipo ufundi ulipo.

Hendrix alihamia hapo mwaka 1968 pamoja na mpenzi wake, Kathy Etchingham, na mwaka uliofuata akaondoka. Ni muda mfupi mno kwa mtu kuacha alama ukutani. Chumba kiliokolewa na waandishi wa magazeti, maana alizoea kuwapokea humohumo chumbani, na wapiga picha wakawa wanampiga akiwa kitandani na gitaa. Miaka mingi baadaye picha zile zilikaguliwa pembe kwa pembe: zulia limelalia upande gani, kitambaa cha juu ya kitanda kimefungwaje, nini kimewekwa juu ya nini. Mambo ambayo picha haziyasemi yalitoka kwa Etchingham mwenyewe, aliyekumbuka kwamba mapazia na mazulia yalinunuliwa John Lewis, duka kubwa la Oxford Street, si mbali na mlango wao. Chumba kilifunguliwa kwa wageni Februari 2016.

Katika nyumba ya jirani, namba 25, aliishi mtunzi wa muziki George Frideric Handel tangu 1723 hadi alipofariki Aprili 1759. Huko hakuna picha za chumbani, lakini kuna karatasi. Baada ya kifo chake mali ya ndani iliorodheshwa, na orodha hiyo ndiyo iliyowaongoza waliopanga nyumba upya: kitanda kiwe na mapazia mekundu, jikoni kuwe na nini. Rangi ya kuta ilipatikana kwa kukwangua tabaka moja baada ya nyingine mpaka ile ya chini kabisa, ikaonekana ni kijivu. Mtu angetarajia dhahabu na maua, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa kipenzi cha wafalme.

Ila vinanda usivitafute kwa urithi wa nyumba ile. Handel alikwisha kuandika katika wosia wake kwamba kinanda kikubwa, ogani ndogo na vitabu vyake vya muziki vimwendee msaidizi wake, John Christopher Smith. Kwa hiyo tunajua alilalia nini, lakini vinanda vinavyochezwa humo leo ni vya kuigiza vile vya wakati wake. Mimi naona hilo ndilo gumu kuliko yote katika kazi hii. Kitanda hubaki, muziki huondoka, kwa sababu chombo cha muziki ndicho chenye thamani, nacho hupata mrithi au mnunuzi mapema.

Mwimbaji Freddie Mercury anathibitisha hilo kwa bei. Vitu alivyoviacha katika nyumba yake ya Garden Lodge, London, vilitunzwa kwa zaidi ya miaka 30, kisha Septemba 2023 vikapigwa mnada na Sotheby's, mafungu zaidi ya 1,400, vikaleta karibu pauni milioni 40. Piano yake ya Yamaha peke yake ilizidi pauni milioni 1.7. Alikozaliwa, Zanzibar, jumba la makumbusho la jina lake lilifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe, mwaka 2019. Huko kazi imebebwa na picha na maelezo ya ukutani. Aliyezaliwa Farrokh Bulsara mwaka 1946, akapelekwa shule India akiwa mtoto, na ambaye familia yake iliondoka kisiwani mwaka 1964, asingeweza kuacha vyombo vingi. Watembeza wageni wa mjini hapo wamekuwa wakionyesha zaidi ya nyumba moja kuwa ndiyo ya akina Bulsara. Siwalaumu, pasipo karatasi kila baraza lina haki ya kudai.

Sasa nije kwetu. Mgeni akifika Koboko, Uganda, huulizia Idi Amin, aliyewahi kuwa rais. Sijasikia anayeulizia nani alipiga tarumbeta za agwara vizuri, au akina mama gani waliimba doluka kwenye arusi za Wanubi. Nyumba zao zilikuwa za udongo na nyasi, zikiezekwa upya kila baada ya miaka michache, na mwenyewe akifariki huenda ikaachwa ianguke. Kukwangua ukuta kutafuta rangi ya mwaka 1759 si mbinu ya kutufaa. Lakini orodha haihitaji ukuta.

Na Uganda ilikwisha kuwa mbele katika kuhifadhi muziki. Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Berlin aliyeshika Makumbusho ya Uganda mwaka 1948, alikataa ngoma na vinanda vigeuke mapambo ya kabatini. Waliajiriwa wanamuziki, akiwamo Evaristo Muyinda, wavipige mbele ya wageni. Kati ya 1949 na 1954 Wachsmann alizunguka akirekodi, na nakala za kazi hiyo zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Ni kazi kubwa, lakini rekodi husema wimbo ulivyosikika. Haisemi mpigaji alikaa juu ya nini.

Chukua adungu, ya Waalur. Ukiona imetundikwa ukutani, unaona sanduku la mti lililofunikwa ngozi, shingo iliyopinda, vigingi na nyuzi, mara nyingi saba hadi kumi. Yanayofaa kuandikwa yamejificha: kipande cha mti kilichopita chini ya ngozi, ambako nyuzi zimefungwa, unene wa kila uzi, na kama ni wa mishipa ya mnyama au wa kuvulia samaki, urefu wa kila uzi kutoka kigingi hadi ngozi. Siku hizi adungu hutengenezwa kwa seti, ndogo mpaka ile kubwa ya besi, zikarekebishwa zikubaliane na nyimbo za kanisani. Fundi mzee wa Arua akiulizwa leo alivyozoea kukaza nyuzi kabla ya hapo, jibu lake ni kama picha za chumba cha Hendrix: mtu atakayetaka kutengeneza upya atalianzia hapo.

Agwara ni ngumu zaidi. Kila tarumbeta hutoa sauti moja au mbili tu, na wimbo hupatikana kwa kupokezana. Kuinunua moja na kuitundika ni sawa na kutotunza kitu. Inatakiwa seti nzima, kila moja ipimwe urefu, irekodiwe peke yake, kisha zote pamoja, na pembeni yaandikwe majina ya wapigaji kwa mpangilio waliosimama, nani kulia kwa nani. Simu ya kawaida na daftari vinatosha, ilimradi wapigaji wakubali na wapewe nakala.