Inagonga Sumbawanga, Inanyamaza Muze

Fundi wa dizeli wa Sumbawanga ana kipimo ambacho mwenzake wa Dar es Salaam hana: mteremko. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800. Barabara inapita Ntendo, inaushuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa na kutua Muze, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, takribani mita elfu moja chini. Gari lililoondoka juu asubuhi ya Julai, kipimajoto kikiwa chini ya nyuzi 10, usiku huohuo linalala bondeni ambako dereva anavua koti na kutafuta feni. Tangi lina dizeli ileile, injini ina oili ileile, dereva ni yuleyule. Kilichobadilika ni hewa tu. Ukitaka kujua kelele ya asubuhi inatoka kwenye chuma au kwenye moto, hakuna jaribio safi kuliko hilo, na halina gharama kwa mtu ambaye anashuka bondeni kwa shughuli zake.

Pikapu ya kuchambua hapa ni Hilux ya injini ya 5L: silinda nne, lita 3, dizeli, haina tabo, pampu ni ya mzunguko ya kizamani isiyojua kompyuta. Mwenyewe anafuata mpunga bondeni. Malalamiko yake yalikuwa mepesi kueleza: ikilala nje mjini, asubuhi inawaka kwa shida, inatoa moshi mweupe, halafu inagonga. Si kugonga kwa dakika moja. Inagonga ikitoka uani, inagonga ikipita sokoni, na robo saa ikiisha bado unaisikia. Mafundi wawili waliomtangulia wa tatu walisikiliza wakatoa hukumu moja: beringi za konrodi zimekwisha, injini ifunguliwe.

Wa tatu hakugusa spana kwanza. Aliuliza, "Ukilala Muze, asubuhi inagonga?"

"Bondeni haigongi, fundi. Hata moshi haina."

Kwa maoni yangu nusu ya kazi iliishia hapo. Beringi iliyolika ni nafasi kati ya chuma na chuma, na kinachoijaza ni oili. Oili ikipata joto inakuwa nyepesi, nafasi inabaki wazi zaidi, sauti inazidi. Beringi mbovu ingepiga kelele zaidi kwenye joto la Muze, hasa injini ikiwa imepata moto na iko sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, au pale dereva anapoachia mafuta ghafla baada ya kuvuta. Haiwezi kuugua juu na kupona chini. Kuna kelele moja ya chuma inayoweza kudanganya: pistoni iliyolegea. Alumini ya pistoni ikiwa baridi imesinyaa, inayumba ndani ya silinda na kupiga ukuta, kisha ikitanuka inatulia. Lakini hiyo nayo ingesikika bondeni kidogo wakati wa kuwasha, na haileti moshi mweupe.

Kelele inayobaki juu ya mlima ni ya moto. Injini ya dizeli haina cheche. Inategemea hewa ibanwe mpaka iwe na joto la kuchoma dizeli yenyewe. Rudolf Diesel alionyesha Augsburg mwaka 1897 kwamba inawezekana, lakini aliyeeleza vizuri kwa nini inagonga ni Mwingereza Harry Ricardo. Aliugawa uwakaji katika vipindi, na cha kwanza ndicho kinachotuhusu: nozeli imeshapuliza, dizeli imo ndani, lakini moto bado. Kipindi hicho cha kusubiri kikiwa kifupi, dizeli inashika ikiwa kidogo na nyingine inaungua kadiri inavyoingia. Kikirefuka, dizeli inarundikana, na ikija kushika inalipuka yote kwa pamoja. Shinikizo linaruka ghafla, kuta za silinda zinalia. Huo ndio mlio mkavu wa ka-ka-ka, na masikioni unafanana sana na chuma kupiga chuma, ndiyo maana watu wanafungua injini bure.

Sasa weka hesabu ya Ufipa, nyanda za juu ambako Sumbawanga iko. Kwenye mita 1,800 shinikizo la hewa ni karibu asilimia 80 ya lile la pwani. Ukingoni mwa Ziwa Rukwa ni karibu asilimia 90. Injini ya 5L inabana hewa mara 22 hivi. Starta ikizungusha taratibu, sehemu ya joto inapotelea kwenye chuma baridi na sehemu ya hewa inavuja pembeni ya ringi, lakini hata hivyo kila nyuzi moja ya joto iliyokosekana nje inakuwa nyuzi mbili au zaidi ndani, pistoni ikifika juu. Tofauti ya joto kati ya alfajiri ya Sumbawanga na alfajiri ya Muze inakuwa mara mbili au zaidi pale dizeli inapoingia, tena kwenye hewa iliyo nyembamba zaidi. Vyote viwili vinarefusha kusubiri.

Lakini Hilux nyingine za Sumbawanga zinapumua hewa hiyohiyo na kelele yao inakwisha ndani ya dakika mbili. Fundi alianzia kwenye kuwaka kwa shida. Aliomba gari lilale kwake, na asubuhi kabla ya kuwasha akapampu kwa mkono pale juu ya chujio la dizeli. Pampu ilikuwa ngumu tangu mwanzo, maana yake hewa haikuingia kwenye mabomba usiku na dizeli haikurudi tangini. Hilo likafutwa. Kisha akafungua ukanda wa chuma unaounganisha plagi za hita na kuzijaribu moja moja kwa taa ya waya kutoka chanya ya betri. Mbili ziliwasha taa. Mbili zilikuwa zimekatika.

Mwenye gari alishangaa, kwa sababu taa ya koili kwenye dashibodi ilikuwa inawaka na kuzima kama kawaida. Wengi wanadanganyika hapo. Taa ile inafuata muda uliopangwa. Haijui kama plagi zinapata moto au la. Zikifa mbili, injini inashikia kwenye silinda mbili, nyingine mbili zinatoa dizeli mbichi iliyogeuka mvuke, na huo ndio moshi mweupe. (Tahadhari kwa wanaopenda kujaribu plagi kwa kuzichoma moja kwa moja na betri mpaka ziwe nyekundu: zipo za volti 6 zilizotumika kwenye baadhi ya Toyota, na volti 12 zinaziua mbele ya macho yako.)

Plagi zikabadilishwa. Starta ikawa nusu ya muda wa zamani, moshi ukapungua sana. Kelele ikabaki. Ilianza chini kidogo, lakini robo saa ikawa ileile.

Katika kazi nzima, sehemu hii ndiyo iliyonifurahisha. Fundi wa haraka angepeleka nozeli kwa fundi pampu, au angelegeza pampu na kuizungusha kidogo kurudisha taimingi nyuma. Huyu alifanya mambo mawili. Kwanza, injini ikiwa inagonga, akalegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine, bisibisi ndefu ikiwa sikioni, ncha yake juu ya injini. Nozeli moja ikiwa inatiririsha badala ya kupuliza, ukikata dizeli ya silinda hiyo kelele inakatika. Hapa kila silinda ilipokatwa kelele ilipungua robo yake, si zaidi. Zote nne zilikuwa zinagonga sawa. Ugonjwa wa silinda moja ukaondoka kwenye orodha, ikabaki sababu inayozigusa zote. (Usithubutu kulegeza bomba hivyo kwenye Hilux za baadaye za reli ya pamoja (common rail), zenye injini kama 1KD. Shinikizo ndani ya mabomba yake linaweza kupita baa 1,000 na dizeli inapenya ngozi.)

Pili, akaweka kiganja juu ya rejeta. Injini ilikuwa imewaka dakika chache tu, na rejeta ilikuwa vuguvugu.

Haikupaswa kuwa hivyo. Thamostati ikiwepo, inafunga njia ya rejeta mpaka maji ya injini yafike kati ya nyuzi 76 na 88, kutegemea aina. Rejeta inabaki baridi kwa muda, kisha inapata moto. Rejeta inayopanda joto taratibu pamoja na injini inamaanisha maji yanazunguka kote tangu dakika ya kwanza. Akafungua nyumba ya thamostati. Ilikuwa tupu.

Mwenye gari alikumbuka. Lilikuwa linachemsha likipanda kutoka bondeni na magunia, na fundi wa huko nyuma akamwambia thamostati ni kitu cha nchi za theluji. Ushauri huo umezagaa Tanzania nzima, na kwa dereva wa Tanga madhara yake hayaonekani haraka. Ufipa yanaonekana kila asubuhi. Maji yanabaki ya uvuguvugu, kuta za silinda hazipati joto, kusubiri kunabaki kurefu. Na pampu ya injini hizi inaongeza jambo lake. Ubavuni kuna kikopo chenye nta kinachopitiwa na maji ya injini. Nta ikiwa baridi imesinyaa, na kifaa kinaiambia pampu mambo mawili: puliza mapema kidogo, na ongeza sailensa. Ni makusudi ya kiwandani, ili injini isizimike baridi. Kwa hiyo dakika moja mbili za kugonga baada ya kuwasha ni halali yake. Maji yakipata joto nta inatanuka, kifaa kinaachia, taimingi inarudi, sauti inashuka. Ukiondoa thamostati, nta inabaki nusu usingizi. Pampu inaendelea kupuliza mapema kana kwamba gari limewashwa sasa hivi, ndani ya silinda ambazo bado hazijapata joto. Robo saa ilitokea hapo.

Bondeni maji yanaanzia kwenye joto la juu zaidi na hewa inayopita kwenye rejeta ni ya joto, kwa hiyo injini inafika inakotakiwa hata bila thamostati. Muze ilikuwa inaficha tundu lilelile ambalo Sumbawanga ililitangaza.

Fundi aliuliza pia kuhusu oili na dizeli, na alifanya vyema. Duka moja lilikuwa limemuuzia mwenye gari oili namba 40 tupu, ambayo alfajiri ya Ufipa inamwagika kwa uvivu. Akabadilishiwa 15W-40, yenye namba ya kwanza inayohusu baridi. Hilo lilisaidia tapeti na starta zaidi kuliko lilivyosaidia kugonga. Kuhusu dizeli, zamani swali la kwanza lingekuwa kama imechanganywa na mafuta ya taa. Tangu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka alama kwenye mafuta mwaka 2010, na serikali kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 mpaka faida ya kuchanganya ikafa, sababu hiyo imeshuka kwenye orodha.

Thamostati mpya ilifungwa. Asubuhi iliyofuata pikapu iligonga muda mfupi, sailensa ikashuka yenyewe, sauti ikawa ya Hilux ya kawaida. Safari ya kwanza ya kupanda kutoka Muze ikiwa na mzigo, ikachemsha.

Hapo fundi hakukubali kuitoa tena. Thamostati nyingi za Toyota zina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato pale maji yakishapata moto. Ukiitoa yote, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, kwa hiyo kuiondoa hakupozi kama watu wanavyodhani. Tena juu huku maji yasiyobanwa yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kifuniko cha rejeta ndicho kinachoyabana yasichemke mapema. Cha gari hili raba yake ilikuwa imekakamaa. Akabadilisha kifuniko, akafungua rejeta, akaipiga maji kutoka upande wa injini kwenda mbele. Kati ya mapezi yake yalitoka matope makavu na mabua ya mpunga.